Barua ya Karani: Jinsi Nilivyojifunza Kupiga Video



Juma hili sitawaandikia habari za vyeti wala za daftari la ndoa. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo siku hizi karibu kila nyumba hulifanya, lakini wachache hulifanya vema, nalo ni kupiga picha za video kwa simu. Najua yuko atakayecheka na kusema, "Karani naye! Kazi hiyo nani asiyeiweza? Wafungua simu, wabonyeza duara jekundu, basi." Nami nilisema hivyo hivyo. Sikilizeni kwanza yaliyonipata, kisha mcheke.

Mwaka 2019 babu yangu mzaa mama, pamoja na bibi, walitimiza miaka 60 ya ndoa. Huku kwetu Kilimanjaro sherehe kama hiyo si jambo dogo. Ukoo mzima ulikuja, wa Moshi, wa Arusha, hata wa Dar es Salaam. Mbege ilikuwa tayari, na ndafu ameandaliwa. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na simu nzuri kidogo, na tena ni mtu wa kalamu, wakanipa kazi ya kupiga video. Nikajiona bwana mkubwa.

Babu akasimama chini ya mparachichi akanena kwa muda wa nusu saa. Alisimulia jinsi alivyomposa bibi, na jinsi walivyolea watoto tisa kwa kahawa na migomba. Mwishowe akainua fimbo yake, akaonyesha mpaka wa kihamba baina ya wajomba zangu wawili: unaanzia mferejini, unafuata masale, unaishia kwenye jiwe. Wote tulimsikia, na wote tulipiga makofi. Mwaka uliofuata babu akafariki.

Hazikupita siku nyingi wajomba wakaanza kugombana. Masale mengine yalikuwa yamekufa, mengine yameng'olewa, na kila mmoja alikumbuka maneno ya babu kwa namna iliyompendeza. Hapo mjomba mkubwa akaja ofisini kwangu, akasema, "Mpwa wangu, wewe ulipiga picha. Maneno ya baba yamo humo. Tuonyeshe, tumalize jambo hili." Nikafurahi. Nikawaita wote, tukaiunganisha simu na televisheni, tukaketi.

Ole wangu! Uso wa babu ulikuwa mweusi kama chungu, kwa sababu nilimpiga picha akiwa na mbingu nyeupe nyuma yake. Sauti yake ilikuwa mbali, maana nilisimama nyuma ya viti vyote; lililosikika ni upepo, na mtoto aliyelia karibu nami. Picha ilikwenda huku na huku mpaka shangazi mmoja akafumba macho. Na babu alipoinua fimbo yake kuonyesha mpaka, ndipo watu walipopiga vigelegele kule nyuma, ndafu anaingia. Nami nikageuza simu. Babu anaonyesha mpaka wa kihamba, nami naonyesha mbuzi mwenye majani mdomoni!

Watu walikaa kimya. Kisha mjomba mdogo akachukua kofia yake, akasema, "Basi, tumemwona mbuzi." Akaondoka.

Usiku ule sikulala vizuri. Si kwamba nilikosa simu; simu nilikuwa nayo. Nilikosa kujifunza. Nikakumbuka siku zangu za chuo cha ualimu. Tulipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, mkufunzi alikaa nyuma ya darasa na daftari lake. Somo likiisha alituita chini ya mti, akatuambia bila kupepesa macho: hapa uliupa ubao uso na watoto kisogo, hapa uliuliza swali ukalijibu mwenyewe. Iliuma. Lakini juma la pili hukurudia kosa lile. Nikajiuliza, kama ualimu hujifunzwa hivyo, kwa nini video isijifunzwe hivyo?

Basi nikamwendea binti mmoja wa jirani, mshonaji wa nguo, ambaye siku za Jumamosi hupiga video za harusi. Nikamwonyesha kazi yangu. Akaitazama dakika mbili, akasema, "Kaka, wewe wapiga picha kama mtu anayefukuza nzi." Nikamwomba anifunze. Akakubali, akanipa sharti moja: kila juma nipige video ya dakika moja tu, niwaonyeshe watu watatu, kisha nimletee maneno yao yote, hata yale ya kuudhi. Nikanunua daftari na kalamu nyekundu.

Haya ndiyo masomo niliyoyapata.

Somo la kwanza ni kutulia. Shika simu kwa mikono miwili, bana viwiko mbavuni, egemea nguzo au mti. Ukiweza, iweke simu juu ya stendi ya miguu mitatu; ukikosa, juu ya gunia la mahindi yatosha. Bonyeza, kisha hesabu moja mpaka kumi kabla hujasogea. Kumi hiyo utaiona ndefu kuliko foleni ya kliniki, lakini mtazamaji aihitaji ili macho yake yapate kuona.

Binti yule aliniambia habari za ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière. Tarehe 28 Desemba 1895, mjini Paris, walionyesha filamu zao kumi kwa watu waliolipa kiingilio. Kila moja ilikuwa fupi, haikutimia dakika. Kamera yao ilisimama juu ya miguu yake, haikwenda kushoto wala kulia, nao wakaacha watu na vitu vipite mbele yake. Filamu yao ya wafanyakazi wakitoka kiwandani Lyon hawakuipiga mara moja tu. Yajulikana kwamba ziko namna tatu za filamu ile ile. Ikiwa wenye kuanzisha kazi walirudia, sembuse mimi na wewe?

Nikapiga dakika moja ya kuku wakila uani, simu juu ya gunia. Watu wangu watatu walikuwa mke wangu, mama mkubwa, na mlinzi wa ofisi. Mlinzi akasema, "Leo sijaumwa kichwa." Nikaandika.

Somo la pili ni nuru. Simu ni kama jicho: ukilielekeza kwenye mwanga mkali, yaliyo mbele ya mwanga ule huwa giza. Kwa hiyo usimweke mtu mbele ya dirisha, wala mbele ya mbingu, wala mlangoni akiipa nuru kisogo. Mgeuze, nuru impate usoni, nawe simama upande ule itokako nuru. Tena, katika nchi zetu jua la saa sita hukaa utosini, na macho ya mtu huwa kama mashimo mawili. Afadhali asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi. Na jua likiwa kali, mpeleke kivulini. Kisha gusa uso wake kwenye kioo cha simu, ili simu ijue kwamba huyo ndiye unayemtaka.

Juma hilo nilimpiga jirani akiwa mlangoni kwake, nikidhani nimefanya vema. Mama mkubwa akatazama, akauliza, "Huyu ni nani? Mimi naona shati jeupe linalosema." Nikarudi kesho yake, nikamgeuza jirani, nikapiga tena.

Somo la tatu ni sauti, nalo ndilo wengi wetu huanguka. Picha ikiwa na giza kidogo, watu huvumilia. Sauti isiposikika, huondoka. Kinasa sauti cha simu hakina akili ya kuchagua kama sikio la mtu. Huchukua kila kilicho karibu nacho. Mahali pa wazi, ukirudi nyuma umbali mara mbili, nguvu ya sauti ya msemaji hubaki robo tu. Kwa hiyo sogea! Hatua moja au mbili zatosha baina yako na anayesema. Upe upepo mgongo. Omba jenereta izimwe na redio inyamaze. Weka simu isiweze kuita, maana mtu akikupigia katikati ya maneno ya mzee, mara nyingi video hukatika papo hapo. Na kama kuna simu ya pili, iwashe inase sauti, uitie katika mfuko wa shati la msemaji. Picha utaipata kwa hii, sauti kwa ile, na fundi ataziunganisha. Aanzapo, piga kofi moja mbele ya kamera, naye fundi atajua pa kuzikutanisha.

Somo la nne ni mbali, kati na karibu. Hapo nilikuwa sijui kitu. Binti akanipeleka kwa bibi mmoja anayekaanga kahawa. Kwanza nikapiga nikiwa mbali: jiko, migomba, moshi unapanda, hapo mtazamaji ajua tuko wapi. Kisha nikasogea: bibi ameketi, anageuza kikaango, hapo ajua ni nani. Kisha nikasogea zaidi: mikono yake na mbegu zinazobadilika rangi, hapo ajua ni nini kinachofanyika. Picha tatu za sekunde kumi kumi zilieleza zaidi ya dakika kumi za kuzungukazunguka. Tena nilikatazwa kuvuta picha kwa vidole, maana simu nyingi huiharibu. Miguu yako ndiyo ya kuvutia picha.

Hapo yako mambo matatu madogo ya kushika. Kama video itaonyeshwa kwenye televisheni, lalisha simu. Kama itatazamwa kwenye simu tu, yaweza kusimama. Mtu akitazama kushoto, mwachie nafasi kushoto, asiwe kama anayetazama ukuta. Na watu wawili wakizungumza, chagua upande mmoja wa kusimama, ukae huko. Ukivuka kwenda upande wa pili, aliyekuwa akitazama kulia ataonekana akitazama kushoto, na mtazamaji atachanganyikiwa, kama shabiki aliyeona timu yake ikishambulia goli lake yenyewe.

Labda utauliza: "Je, hao watu watatu niwaulize nini?" Usiwaulize, "Nzuri?" Watakujibu, "Nzuri," kwa kukuhurumia. Uliza maswali haya matatu: Umeona nini? Umesikia nini? Ni wapi umechoka? Nawe nyamaza wanapotazama. Usiseme, "Hapo kulikuwa na upepo," wala, "Hapo nilisukumwa." Siku utakayokufa hutakuwapo kueleza, video yenyewe ndiyo itakayosema. Wakimaliza, andika maneno yao, kisha chagua kosa moja tu la kurekebisha juma lijalo. Anayetaka kurekebisha makosa kumi kwa siku moja, hurekebisha sifuri.

Jambo hili la kuwarudishia watu picha zao si geni duniani. Mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo, Newfoundland, nchini Kanada, waliishi wavuvi maskini, na palikuwa na mpango wa serikali wa kuhamisha watu kutoka vijiji vya namna ile. Mpiga filamu Colin Low, wa Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, alipiga filamu fupi fupi za watu wa pale wakieleza maisha yao. Kisha hakukimbilia mjini nazo. Aliwaonyesha kwanza wao wenyewe, akasikiliza maneno yao. Watu wa kijiji kimoja wakasikia watu wa kijiji cha pili wakisema shida ile ile waliyodhani ni yao peke yao. Si filamu pekee zilizofanya kazi, lakini zilisaidia: wakaunda ushirika wao wa uvuvi, nao hawakuhamishwa. Mwaonaje? Mtu akijiona na kujisikia vema, huanza kujirekebisha na kupatana na mwenzake.

Sasa nirudi kwa wajomba zangu.

Baada ya majuma kumi na moja ya kukosolewa, nilikwenda kwa bibi. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja tena na simu yako ya mbuzi?" Nikainamisha kichwa. Nikamwambia nataka atembee mpakani anieleze alivyosikia kwa babu, na wajomba wote wawili wawepo. Wajomba walisita, kisha wakakubali kwa ajili ya mama yao.

Safari hii niliandika andalio, kama vile andalio la somo. Mistari minne tu: ni nani atakayesema, ni maneno gani yasiyopaswa kukosekana, jua litakuwa wapi, na nitasimama wapi. Laiti ningaliandika mistari hiyo mwaka 2019, ningalijua kwamba maneno ya mpaka ndiyo yaliyokuwa mali, na ndafu angaliweza kungoja.

Tulianza saa moja na nusu asubuhi. Simu moja niliitia katika mfuko wa kitenge cha bibi. Nikapiga kwa mbali, mfereji na kihamba chote. Nikapiga kwa kati, bibi na fimbo yake. Nikapiga kwa karibu, mkono wake juu ya sale la zamani lililobaki. Alisema kwa Kichagga chake, sikumlazimisha Kiswahili, maana mzee husema kweli yote katika lugha aliyonyonya. Kila alipomaliza mahali, nilihesabu kumi kabla ya kuzima.

Jioni tukatazama, bibi, wajomba na majirani wawili. Sikusema neno. Katikati mjomba mkubwa akanyosha mkono: "Rudisha hapo." Nikarudisha. Bibi kwenye televisheni alikuwa akisema kwamba sale la tatu lilikuwa upande wa chini wa mfereji mdogo, kabla mfereji haujahamishwa. Mjomba mdogo akasema polepole, "Ni kweli, ulihamishwa. Nilikuwa shule ya msingi." Huo mfereji ndio uliokuwa umewakosesha wote wawili. Hakuna aliyekuwa mwongo.

Ninyi mlio wa huku mlimani mwajua kwamba sale si la mpaka tu. Mtu hulipeleka vile vile kuomba msamaha. Kesho yake wajomba walipanda masale mapya pamoja. Ni nani aliyeomba msamaha kwanza, sikuona, maana simu nilikuwa nimeiacha nyumbani kwa makusudi. Yako mambo yasiyohitaji kupigwa picha.

Lakini tusidanganyane. Video si hati ya ardhi. Maneno yale tuliyaandika vile vile kwenye karatasi, mashahidi wakatia sahihi, na nakala ikapelekwa serikali ya kijiji. Video ilisaidia watu kukumbuka na kusikilizana; karatasi ilifunga jambo.

Kabla sijaweka kalamu chini, yako maonyo machache. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa mgonjwa, mfiwa na mtoto. Na akikataa, shukuru uache. Kanisani mwulize Padre mapema pa kusimama, ukae hapo. Usiwe kiguu na njia mbele ya altare, watu wakasali wakitazama kisogo chako. Futa lenzi kwa kitambaa safi, maana mafuta ya vidole huleta ukungu. Tengeneza nafasi katika simu mapema: dakika moja ya video nzuri ya kawaida yaweza kula MB 60, hata zaidi ya 100 kwa simu nyingine, na nusu saa ya mzee si haba. Tena usiiache kazi yako mahali pamoja. Simu huibiwa, huanguka chooni, huungua. Weka nakala kwenye kadi au kompyuta, na nyingine kwa ndugu anayekaa mbali.

Nawapa na kazi ya kufanya nyumbani, maana mwalimu hata akiwa karani haachi mazoea. Juma hili, pigeni dakika moja tu ya mtu mzima wa nyumba yenu akifanya kazi aijuayo: kusuka mkeka, kukamua ng'ombe, kuchambua maharage. Picha tatu: mbali, kati, karibu. Nuru usoni, sauti karibu, mikono imetulia. Kisha waonyesheni watu watatu, mwaulize yale maswali matatu. Mtakosea. Nami nilikosea. Ila mkosee sasa, kwa kuku na maharage, msingoje kukosea siku ambayo mzee wenu atainua fimbo yake kusema neno asilolirudia tena.

Ni mimi mwenzenu,
Karani wa Parokia